Goti la Mbwa, Goti la Kaka

Nataka kukiri jambo. Mwaka jana, usiku mmoja wa Jumanne, nilifungua kizimba cha mbwa makusudi, nikitaka mbwa yule aumie. Hakuwa amenikosea kitu. Alikuwa amepasuliwa goti wiki nne nyuma, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuhakikisha haruki wala hakimbii. Nikavuta komeo, nikaiacha kamba yake kwenye msumari, nikasimama pembeni kama mtu anayesubiri daladala. Kilichotokea nitakieleza. Lakini kwanza nieleze nilifikaje pale, maana swali ninalotaka tulijadili linaanzia hapo: je, ni haki kumtengeneza mbwa goti katika mji ambao watu wanachechemea?

Mimi ni mlinzi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kusomwa kimyakimya, nikaingia mtaani kama wengi wetu. Usiku nalinda nyumba ya mzee mmoja mstaafu kule Mikocheni. Mchana, nikishalala kidogo, naandika riwaya yangu kwenye kaunta buku. Sasa ni kaunta buku ya tatu. Nyumbani kwetu ni Temeke, vyumba viwili: mama, kaka na mimi.

Kaka alikuwa winga wa kulia. Siandiki hivi kwa kuwa ni ndugu yangu. Waulize waliokuwa wanakaa pembeni ya kiwanja chetu jioni, wakamwona anavyomwacha beki anatafuta mpira miguuni mwake. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alishaanza kuitwa kwenye majaribio ya timu za maana. Siku alipoumia hakuguswa na mtu. Alikuwa anageuka na mpira, mguu ukanasa chini, mwili ukaendelea kugeuka. Tuliokuwa karibu tulisikia mlio, kama kijiti kikavu kinavyovunjwa. Kabla ya magharibi goti lilikuwa limevimba kama papai.

Alikandwa na mzee wa mtaani kwa maji ya moto na majani. Baadaye akapelekwa hospitali, akapigwa picha ya eksirei, akaambiwa mfupa ni mzima, apumzike. Ni kweli mfupa ulikuwa mzima. Lakini eksirei haionyeshi kano, na kilichokatika kilikuwa kano. Miezi ikapita ndipo daktari mwingine akamwambia ukweli, akaandika kwenye karatasi jina la operesheni na gharama yake. Mama aliihangaikia ile karatasi wiki nzima, akapita kwa mashangazi na kwa wajomba. Kisha akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Nadhani bado ipo. Sasa ni miaka kumi. Kaka anatengeneza simu kwenye kimeza chake pale stendi. Akishuka kwenye daladala lazima ashike bomba kwanza, kwa sababu goti lile likiamua kuchomoka halipigi hodi.

Sasa njoo kwa Simba. Ndilo jina la mbwa wa Mzee. Chotara wa German Shepherd na mbwa wetu hawa wa uswahilini, kilo thelathini na nne, sauti ya kumfanya mtu ajute kuzaliwa. Usiku mmoja kibaka aliruka ukuta wa nyuma. Simba akamfuata, wakazunguka tangi la maji, na kwenye kona nikasikia mbwa analia, kilio kimoja tu, kifupi. Kibaka alitoka mikono mitupu. Simba alirudi kwa miguu mitatu. Mimi nilikuwa kibandani, kalamu mkononi, sura ya saba ya riwaya imenoga. Nakiri na hili pia: usiku ule aliyelinda nyumba alikuwa mbwa.

Asubuhi tulimpeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari akamlaza ubavu. Mkono mmoja akashika mfupa wa paja, mkono wa pili akashika muundi chini tu ya goti, akausukuma mbele. Muundi ukateleza kama droo ya meza.

“Unaona, kijana? Hii haitakiwi kutoka,” akaniambia. Huo ndio mtihani wenyewe, na madaktari wanauita hivyohivyo, mtihani wa droo.

Akatueleza. Ndani ya goti kuna kano mbili zinazopishana kama msalaba. Ile ya mbele kazi yake ni kuuzuia muundi usitoke mbele na usijinyonge kwa ndani. Kwa mtu, mara nyingi hukatika kwa ghafla, mchezoni. Kwa mbwa, mara nyingi huchakaa taratibu kwa miezi, uzi baada ya uzi, kama kamba ya kisima. Mwishowe kitu kidogo tu humalizia. Ndiyo maana mbwa wengi, baada ya goti moja, hufuatia na la pili.

Mimi nilikuwa nasikiliza nusunusu. Kichwani mlikuwa na neno moja linazunguka: ni ileile. Mbwa na kaka wamekatika kano ileile.

Mzee akauliza njia ni zipi. Daktari akataja tatu: sindano ya kumlaza moja kwa moja, kumwacha apumzike na dawa za maumivu, au kumpasua. Mzee akauliza kama kupumzika hakutoshi. Daktari akasema inategemea uzito. Baadaye, usiku kwenye simu, nilikutana na utafiti wenyewe. Daktari mmoja wa wanyama aitwaye Vasseur aliandika mwaka 1984 kuhusu mbwa walioachwa bila kupasuliwa. Kati ya mbwa 28 wenye uzito usiozidi kilo 15, 24 walipona au walipata nafuu. Kati ya 57 waliozidi uzito huo, ni 11 tu. Simba alikuwa na kilo 34. Kumwacha kungekuwa kumhukumu kuchechemea, huku gegedu ya goti ikilika mwaka hadi mwaka.

Mzee akauliza bei. Daktari akaitaja. Sitaiandika hapa, ila ilizidi kodi ya vyumba vyetu viwili kwa mwaka mzima. Mzee akasema, “Sawa.” Neno moja. Nikaikumbuka ile wiki ya mama.

Nilipofika nyumbani nikasimulia. Kaka, ambaye ni Yanga damu, akacheka mpaka akashika mbavu. “Simba kaumia goti! Andika hiyo, mdogo wangu, andika!” Kisha nikamwambia ni kano gani, na kwamba atapasuliwa Alhamisi. Kicheko kikakatika. Akanyoosha mguu wake, akaupapasa kidogo, akaomba apewe chai.

Hebu nieleze operesheni yenyewe, kwa sababu sisi tunaotaka kuandika tuna tabia ya kulaani vitu kabla ya kuvifahamu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Kuna njia nyingi. Huko Finland, mwaka 1952, Saki Paatsama aliandika tasnifu nzima kuhusu kano za goti la mbwa. Alikata ukanda wa utando mgumu wa paja la mbwa mwenyewe, akaupitisha ndani ya goti ushike nafasi ya kano iliyokatika. Wazo hilo lilikuwa limetoka kwa watu: mwaka 1917 Hey Groves, daktari wa mifupa wa Bristol, Uingereza, alikuwa ameandika juu ya kutengeneza kano ya mtu kwa njia ya namna hiyo. Miaka mingi baadaye, Barclay Slocum wa Oregon, Marekani, akaja na fikra tofauti kabisa. Aliona kwamba mbwa husimama goti limekunjwa siku zote, na kwamba juu ya muundi wake pameinama kwa nyuma kama paa la nyumba, mara nyingi nyuzi ishirini na kitu. Kila mbwa anapokanyaga, mfupa wa paja unataka kuteleza chini ya paa hilo, na muundi unasukumwa mbele. Kano ikiwepo inazuia. Isipokuwepo, basi. Slocum akajiuliza: kwa nini nihangaike na kamba, nisiisawazishe ardhi? Njia aliyoitangaza mwaka 1993 hukata kichwa cha muundi kwa msumeno wa mviringo, hukizungusha mpaka mwinamo ubaki kama nyuzi tano, kisha hufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Kano hairudi, ila goti halina tena sababu kubwa ya kuihitaji.

Daktari wetu hakuwa na msumeno huo. Yeye alitumia njia ya zamani zaidi, ya uzi. Nje ya kiungo, nyuma ya mfupa wa paja la mbwa, kuna kijifupa kidogo kama punje ya haragwe. Uzi hupitishwa nyuma ya kijifupa hicho, ukaja kwenye tundu lililotobolewa juu mbele ya muundi, ukakazwa. Na uzi wenyewe ni nailoni nene, ndugu yangu, ya aina ileile wanayovulia samaki wakubwa, imetakaswa tu. Nilipomwambia kaka alibaki ananitazama. “Mshipi?” Nikamwambia, “Mshipi.” Akasema, “Kumbe.”

Lakini sikia jambo ambalo daktari alinishika bega akaniambia. Ule uzi haudumu. Baadaye utalegea au utakatika. Kazi yake ni kulishika goti kwa muda tu, mpaka mwili wa mbwa ujijengee nyama ngumu ya kovu kulizunguka goti, na kovu hilo ndilo litakaloshika siku zote. Kwa hiyo operesheni ya saa moja na kitu si chochote kama wiki zinazofuata si za utulivu. Kizimbani. Nje kwa kamba tu, dakika tano, kisha kumi, kisha kumi na tano. Hakuna ngazi, hakuna kuruka, hakuna paka.

“Mimi nimefanya nusu,” daktari akasema. “Nusu nyingine ni yako.”

Yangu! Mimi niliyeangalia goti la ndugu yangu likiozea nyumbani kwa miaka kumi, sasa nimekabidhiwa nusu ya goti la mbwa. Kila jioni nilimwekea barafu. Nilimwinua kwa taulo chini ya tumbo ili akojoe. Nilikunja na kukunjua mguu wake polepole kama nilivyoelekezwa, mara kumi, nikihesabu. Na kila nilipohesabu nilikuwa nahesabu kitu kingine.

Katika riwaya yangu kulikuwa na mbwa. Unamjua bila hata kusoma. Yumo katika nusu ya hadithi tunazoandika. Mbwa wa tajiri anayekula nyama, na mtoto wa maskini anayemchungulia getini huku tumbo linanguruma. Ukurasa ule nilikuwa nauonea fahari. Nikausoma tena usiku ule wa Jumanne, kibandani, damu ikanichemka kwa maneno yangu mwenyewe. Ndipo nikaenda kufungua komeo.

Simba akatoka. Juu ya ukuta alikuwepo paka, kama kawaida ya paka wa Mikocheni. Mbwa akamwona. Nilimwona anavyojikusanya, miguu ya nyuma yote miwili ikijikunja, ule mzima na ule wa mshono. Na mimi, ambaye nilitaka hasa jambo hilo litokee, nilijikuta nimemrukia shingoni, nimemkumbatia kwa mikono miwili, tumeanguka chini pamoja, mimi chini yeye juu. Paka akaenda zake. Nilibaki pale kwenye majani natetemeka. Hakuna aliyeona. Asubuhi Mzee akaniuliza, “Vipi mgonjwa wetu?” Nikajibu, “Shikamoo Mzee. Hajambo.”

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nilikuwa namwadhibu nani. Uzi ungekatika, goti la kaka lisingepata hata chembe. Mzee angehuzunika, angelipa tena au angenunua mbwa mwingine. Aliyeumia angekuwa kiumbe pekee katika mkasa ule ambaye hakuchagua lolote. Hakuchagua kulinda, hakuchagua kupasuliwa, hata bei hakuijua. Ile haikuwa vita ya maskini na matajiri. Ilikuwa ni mimi na mbwa gizani, na mwenye nguvu nilikuwa mimi.

Hata hivyo sitaki kulikimbia swali kwa sababu tu nilikuwa na roho mbaya usiku mmoja. Mtu anaweza kuwa na roho mbaya na hoja yake ikabaki nzuri. Hoja yenyewe ni ya foleni: binadamu kwanza, wanyama baadaye, wakishapona watu wote, ndipo tuje kwenye magoti ya mbwa. Kijiweni nilipoieleza, washikaji wote walipiga makofi.

Aliyeipinga alikuwa mama, na ndiye niliyemtegemea kuliko wote aniunge mkono. Mama yangu nguo ikiguswa na mate ya mbwa huiosha mara saba, moja kwa udongo. Nilikuwa navulia nguo za kazi nje, uani. Lakini jioni moja, anachambua mchele, akanikumbusha kisa ambacho sote tulisomeshwa madrasa, cha yule msafiri aliyemkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu. Akashuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake, akampandishia mbwa akanywa, na kwa hilo Mwenyezi Mungu akamsamehe.

“Mwanangu,” akasema, “hakuulizwa kwanza kama wanadamu wote wameshakunywa.”

Nikamjibu, “Lakini mama, kile kisima hakikuwa na bei.”

Akanyamaza, akaendelea kuchambua. Kisha akasema, “Basi kasirikia bei. Mbwa mwache.”

Nimeyatafakari maneno hayo kuliko kitabu chochote nilichowahi kusoma. Tatizo la hoja ya foleni ni kwamba foleni yenyewe haipo. Hela ya Mzee haikuwa imesimama mlangoni kwetu ikingoja kumtibu kaka, mbwa akaipita mbele. Simba angechomwa sindano akafa, kaka angeendelea kushika bomba la daladala vilevile. Tunapoijenga hiyo foleni kichwani, anayefaidika ni yule tu asiyetaka kutoa chochote kwa yeyote. Kwa mbwa atakwambia watu kwanza, na kwa watu atakwambia hali ngumu.

Halafu kuna deni. Tuna msemo wetu: bora punda afe, mzigo wa bwana ufike. Wengi tunautamka tukicheka, bila kujiuliza sisi ni nani katika msemo huo. Simba aliumia akiwa kazini. Aliyemtuma kazini akamlipia goti. Kama hilo si haki, basi sijui haki ni nini. Na hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu nilijiuliza: je, ningekuwa mimi niliyemkimbiza yule kibaka kwenye kona ya tangi? Nchi yetu ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008. Mimi sina mkataba. Sikuwahi kuuliza. Niliyazoea mambo kiasi kwamba kumwona mbwa akitendewa haki kulinishangaza kuliko mimi mwenyewe kuikosa.

Na deni lipo kwa upande mwingine pia, upande wa magoti yetu. Nilikwambia wazo la Paatsama lilitoka kwa watu likaenda kwa mbwa. Barabara ile ina magari ya kurudi. Mwaka 1973 watafiti wawili, Pond na Nuki, waliandika jinsi walivyoikata makusudi kano ya msalaba ya mbwa wazima, ili waone jinsi kiungo kinavyoharibika baadaye. Njia yao ikatumiwa miaka mingi kuchunguza ugonjwa wa viungo wa binadamu. Sisemi walikuwa wanyama kuliko wanyama. Nasema tu kwamba daktari anayemweleza kaka yangu kwa nini goti lake litamuuma akizeeka, sehemu ya anachokijua kilisomwa kwenye magoti ya mbwa ambao hawakuumia kwa bahati mbaya na hawakuwekewa barafu na mtu. Kwa hiyo mtu akiniambia sasa kwamba mbwa hastahili goti, namwuliza: na yale tuliyochukua?

Sisemi kila mbwa apasuliwe, wala kwamba mwenye hela akitumia hela basi amekuwa mwema. Kwa mbwa mdogo wa kilo sita, kisu kinaweza kuwa haraka ya mwenye mbwa, wakati subira ingetosha. Kwa mbwa ambaye hana wa kumtuliza baada ya mshono, operesheni ni mateso yaliyolipiwa. Huruma nayo inataka ujuzi, na inataka mtu wa kukesha. Mara nyingi mtu huyo ni mlinzi, naye jina lake haliandikwi kwenye risiti.

Wiki ya kumi nilimwambia Mzee kuhusu kaka. Nilijizungusha sana. Nilianza na mvua, nikapita kwenye bomba linalovuja, mwisho nikasema. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: “Umekaa hapa miaka mitatu. Mbona hukuniambia?” Nilikuwa na majibu mengi makali, mengine yameandikwa vizuri kabisa kwenye kaunta buku. Nikasema, “Hukuniuliza, Mzee.” Akatikisa kichwa. Tulikuwa tumesema kweli wote wawili, na hakuna aliyejisikia vizuri. Akasema kaka aje, wataongea, atamtafutia daktari wa kumwangalia upya.

Unadhani kaka alifurahi? Alinijia juu. “Niende nikamwambie nini? Kwamba na mimi anichukue niwe mbwa wake?” Alikaa siku tatu bila kusema nami. Nikajifunza kwamba hata goti lina heshima zake, na kwamba mtu aliyezoea kutopewa hutunza ile njaa kama mali, maana ndiyo aliyobakiwa nayo. Sikumlaumu. Ile jeuri ndiyo iliyonifungulisha komeo mimi.

Siku ya nne alikuja Mikocheni. Alisema amepita tu kuniletea simu niliyompa aitengeneze. Ilikuwa jioni, namtembeza Simba dakika zake ishirini. Alitutazama tukienda hadi kwenye mwembe na kurudi. Mbwa alikuwa anakanyaga miguu yote minne. Ukiwa hujui, usingejua.

“Anakanyaga sawa,” kaka akasema.

Akachuchumaa taratibu, mkono mmoja ukutani, goti lake baya likiwa limenyooshwa mbele. Akaweka kiganja kwenye goti la mbwa, juu ya kovu. Nikamwonyesha jinsi daktari alivyonielekeza kuushika mguu, kuukunja na kuukunjua. Alifanya mara kumi. Hakuhesabu kwa sauti. Alipomaliza akabaki amechuchumaa, akaliminya kidogo pembeni mwa goti.

“Limekaza hili,” akasema. Kisha, bila kunitazama, “Huyo daktari wa Mzee, si wa mbwa lakini?”

Nikamwambia si wa mbwa.

Wiki iliyofuata alikwenda. Sijui kama atapasuliwa. Daktari alimwambia kwamba kwa watu si kila aliyekatika kano hupasuliwa, na kwamba baada ya miaka kumi lazima kwanza waone gegedu imebaki kiasi gani. Kwa sasa kapewa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na anayafanya asubuhi akishikilia mlango, mama akimhesabia. Mzee naye kaniambia tukae tuandike mkataba. Tumeshakaa mara moja. Hatujamaliza.

Mimi nimeuchana ule ukurasa wa mbwa wa tajiri. Sijui nitaweka nini mahali pake.